Boti ya faiba inapasuka: usome ufa kwanza kabla hujawasha grainda

Swali ninaloletewa sana huku kwetu Tanga, kuanzia Moa mpaka Pangani, ni boti ina ufa nizibe na nini. Jibu langu huwa lilelile, usizibe kwanza. Angalia umekaaje, uko wapi, una urefu gani, unakua au umetulia, mana ufa kwenye faiba hautokei hovyo, una chanzo na una njia yake, na ukishajua chanzo unaweza kukisia vizuri tu mpaka kusi inaisha utakuwa umefika wapi. Ukiziba bila kujua umefuta ushahidi, hela imeenda, na ufa utarudi.

Nimepanga kwa dalili, vile watu wanavyozieleza wenyewe. Kila dalili naanza na sababu inayotokea sana nashuka mpaka ya nadra, na vipimo vyepesi viko mbele ya kukata na kusaga.

Vitu vya kukagulia

Tafuta sarafu ya shilingi 200, tochi kali, maka peni isiyofutika, rula, kitambaa na wino kidogo. Sarafu ni ya kugongea, unagonga bodi kwa ukingo wake kidogo kidogo kila baada ya sentimita mbili tatu, penye uzima sauti inatoka kali na fupi, penye tabaka zilizobanduka inatoka kibubu. Tochi ni ya usiku, mmoja anamulika kwa ndani mwingine anatazama nje, faiba isiyokuwa na rangi nzito inapitisha mwanga na palipovunjika panaonekana tofauti na jirani zake. Wino unapaka juu ya ufa alafu unafuta haraka na kitambaa, unaobaki ndani unakuonyesha ncha za kweli za ufa ambazo mara nyingi ziko mbele kuliko jicho lilivyodhani.

Maka peni ndo ya maana kuliko vyote. Chora kamstari kanakokata kila ncha ya ufa, andika tarehe pembeni, piga picha na rula ikiwepo. Bamvua lijalo (yale maji makubwa ya kila wiki mbili hivi) rudi pima tena. Ufa ambao haujavuka alama baada ya bamvua mbili tatu za kazi ya kawaida ni kitu kimoja, na ufa unaoruka alama kila ukija ni kitu kingine kabisa. Na usiangalie urefu peke yake, angalia kasi, kama mwezi wa kwanza umeongezeka milimita 5 na mwezi wa pili 15 hapo hamna cha kusubiri tena.

Faiba inavyopasuka, kwa kifupi

Hii usiiruke tafadhali, mana bila hii huku chini kote utakuwa unakariri tu.

Bodi ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na rezini (gundi ya maji inayoiva na kuwa ngumu). Uzi wa kioo peke yake unaweza kurefuka zaidi ya asilimia 4 ndo ukatike, na rezini ya polyesta ya kawaida ikiwa peke yake inafika kama asilimia 2. Mtu anaona hapo nafasi ipo kubwa tu. Sasa shida iko kwenye nyuzi zilizolala kukingama na nguvu, kioo ni kigumu kama mara 20 kuliko rezini, kwaiyo bodi ikivutwa kioo hakisogei, ile rezini kidogo iliyobanwa kati ya uzi na uzi ndo inabeba mvuto wote, na ufa wa kwanza unaweza kuanza bodi ikiwa imerefuka asilimia 0.3 mpaka 0.5 tu. Hujasikia kitu, hujaona kitu.

Unaanzia pale rezini inaposhikana na uzi, inaachia, viufa vidogo vinaungana vinakuwa ufa mmoja unaopita unene wa tabaka lile. Mzigo ukiendelea wanazaliwa ndugu zake pembeni, kwa nafasi karibu sawasawa, mpaka tabaka limejaa. Baada ya hapo ufa ukikutana na tabaka la jirani ambalo nyuzi zake zimekaa vizuri kuzuia, hauwezi kupita, unageuka na kukimbia katikati ya tabaka mbili, huko ndo kubanduka. Mwisho kabisa nyuzi zenyewe zinakatika na boti inafunguka. Kwaiyo sarafu ikishatoa sauti kibubu ujue hatua mbili za mwanzo zimepita zamani.

Kuhusu kasi. Mwingereza Griffith mwaka 1921, akifanya majaribio yake kwenye kioo, alionyesha kwamba ufa unasonga pale nishati inayoachiliwa na kusonga kwake inapozidi nishati inayotakiwa kufungua uso mpya. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Paul Paris wa Marekani akaonyesha kwenye metali kuwa kila mara mzigo unapokuja na kuondoka ufa unasogea kidogo, na kusogea huko kunapanda kwa kipeo, yaani mkazo wa pale kwenye ncha ukijizidisha wenyewe mara kadhaa. Metali nyingi kipeo kiko 2 mpaka 4. Faiba ikibanduka tabaka kwa tabaka kipeo ni kikali zaidi. Tufanye hesabu ya mfano tu: nishati inakwenda na mraba wa mzigo, na tuseme kipeo juu ya nishati ni 5. Ukiongeza mzigo asilimia 10, nishati inapanda asilimia 21, kasi ya ufa inapanda mara 2.6. Ukipunguza mzigo asilimia 20, kasi inashuka mpaka karibu moja ya kumi. Hebu irudie hiyo hesabu taratibu. Nahodha anayepunguza mwendo kidogo tu bahari ikichafuka anaiongezea bodi maisha mengi kuliko debe zima la rezini, na anayejaza barafu na petroli kupita kiasi anafupisha kwa namna ambayo kwa macho haionekani.

Dalili: nimeziba, umerudi palepale

Hii ndo malalamiko namba moja. Sababu ya kwanza, na ndo nyingi sana, ni kwamba kilichoupasua bado kipo, bodi inanyumbuka pale kila wimbi, wewe umebadilisha ngozi ya juu tu. Ya pili, kilichozibwa ni jelikoti (ile ngozi laini ya nje yenye rangi) wakati faiba ya chini imeshavunjika. Ya tatu, kiraka hakikushika: hapakusagwa, au palikuwa na mafuta ya samaki, petroli, chumvi, unyevu. Rezini mbichi juu ya faiba iliyoiva zamani haiungani nayo, inashika kwa kung'ang'ania mikwaruzo tu, kwaiyo bila msasa mkali, namba 40 mpaka 80, unaweka sahani juu ya sahani.

Sababu ya nne ni puti za magari. Zile zimewekwa unga unaonyonya maji, chini ya maji hazifai kabisa, zinavimba na kuachia. Na kuna waliotoka kwenye majahazi ya mbao wanapiga kalafati, pamba na mafuta ndani ya ufa wa faiba. Kwenye mbao kalafati ina maana yake, ubao unavimba unaibana pamba. Faiba haivimbi hivyo, pamba inakuwa kabari inayofungua ncha ya ufa kila boti ikinyumbuka.

Ya mwisho, ya nadra ila ipo: mtu katengeneza na epoksi (aina nyingine ya rezini) zamani, leo unakuja na polyesta juu yake. Polyesta juu ya epoksi haishiki vizuri. Epoksi juu ya polyesta inashika, tena vizuri, ila ukishatumia epoksi malizia na rangi, usilazimishe jelikoti ya polyesta.

Cha kufanya: gonga na sarafu kuzunguka kiraka chote, kama kingo zinatoa kibubu kiraka hakikushika, kitoe chote. Kama kiraka ni kizima na ufa umetokea pembeni yake, basi kiraka kimekuwa kigumu kuliko bodi na mnyumbuko umehamia ukingoni, nenda dalili ya mistari sambamba huko chini.

Dalili: nyufa za nyota, zinatawanyika kutoka sehemu moja

Kitu kiligonga au kinasukuma. Nyota ikiwa na kitovu kinachoonekana na mistari inatoka nje, mara nyingi pigo lilitoka ndani au kuna kitu kinasukuma kutoka upande wa pili, nanga iliyorushwa, mtungi, kichwa cha bolti. Pigo la nje, kwa mfano mwamba au boti jirani pale Deep Sea, diko la wavuvi Tanga, zikiwa zimebanana, linaacha zaidi nyufa za mviringo. Siyo sheria ya chuma ila ni mwanzo mzuri wa kutafuta.

Kipimo chake chepesi: chukua kona ya patasi kwangua ufa mmoja mpaka chini ya jelikoti, ambayo kawaida haifiki milimita moja, inakaa nusu milimita hivi. Kama chini faiba ni ya rangi yake ya kawaida na sarafu inalia vizuri, hiyo ni ya urembo, fungua kila ufa uwe na umbo la V, futa na asetoni, jaza jelikoti, funika na nailoni iive mana hewa inaizuia kukauka juu, alafu msasa wa maji 220 mpaka 600 na kuendelea. Kama chini ni peupe, rezini imevunjika na kuachia nyuzi, na weupe huwa mpana zaidi upande wa pili wa pigo, kwaiyo lazima uingie na ndani uangalie. Weupe uliozidi kiganja usiutibu kama jelikoti.

Dalili: mistari sambamba ubavuni au chini

Hapa naomba nikae kidogo, mana hapa ndo boti zinapotea.

Mistari miwili mitatu au zaidi, karibu imenyooka, imepangana, mara nyingi imefuata mahali ambapo kwa ndani kuna taruma (ubavu wa kukazia bodi), kizuizi cha chumba cha samaki, au ukingo wa sanduku la kukalia. Sababu ya kwanza: sehemu ngumu. Bodi nyembamba inapigwa na wimbi inanyumbuka vizuri tu, inafika kwenye kizuizi kigumu, inakataa ghafla, mnyumbuko wote unajikusanya kwenye mstari mmoja kama fimbo unayoivunja juu ya goti. Kumbuka ile asilimia 0.3, bodi kwa jumla inaweza ikawa haijafika hata nusu yake ila pale mstarini imepita.

Sababu ya pili ni namna tunavyoziweka. Maji yakipwa boti inakaa juu ya mchanga wenye mawe au matumbawe, uzito wote na samaki ndani unaegemea sehemu mbili tatu, maji yanajaa inanyanyuka, yanapwa inakaa tena, na huku maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, hiyo peke yake ni mizunguko mingi sana kwa mwaka. Na kuvuta boti juu ya magogo kila siku, gogo linaacha mistari yake kukingama na mkuku. Ukiona mistari iko chini tu na imekata boti kwa upana, anza kuuliza inalala wapi.

Sababu ya tatu, bodi yenyewe nyembamba, fundi kabana mati (faiba ya nyuzi fupi zilizotawanywa). Ya nne, rezini nyingi nyuzi chache. Mati inataka rezini kama mara mbili mpaka mara mbili na nusu ya uzito wake, rovini ya kufumwa inataka kama uzito sawa na wake. Ukimwaga zaidi unadhani unaongeza nguvu kumbe unaongeza unene unaopasuka.

Vipimo: ingia ndani, tazama muungano wa taruma na bodi, pitisha wembe au rula nyembamba. Inaingia? Taruma limeachia, na hapo utabiri unabadilika kabisa kwa sababu bodi sasa inanyumbuka kwa upana mara mbili ya uliokusudiwa, na mistari itahamia kwenye taruma linalofuata. Kama muungano mzima, sukuma bodi kwa goti kutoka nje mwenzio aweke mkono ndani. Alafu alama za maka peni, bamvua mbili.

Matengenezo kwa mistari iliyobaki kwenye jelikoti: usiizibe kabla hujaulainisha ule ugumu. Kona ya taruma na bodi ijazwe puti ya rezini iwe mviringo, juu yake mati zinazopishana, ya pili pana kuliko ya kwanza, ya tatu pana kuliko ya pili, ili ugumu upungue polepole usikatike ghafla. Ikiwezekana kizuizi kisikae moja kwa moja juu ya bodi, kikae juu ya ukanda wa povu gumu.

Kwa mistari iliyoingia kwenye faiba, unakata mpaka sehemu nzima na unasaga mteremko wa 12 kwa 1. Maana yake bodi ya milimita 6 unasaga milimita 72 kila upande. Watu wanaona ni kupoteza faiba nzima, wanasaga milimita 20, na kiraka kinachomoka mana muungano wote unategemea eneo la kushikana. Unajaza tabaka kwa tabaka, mati, rovini, mati, rovini. Usiweke rovini juu ya rovini, katikati panabaki rezini tupu na ndo barabara ya kubandukia.

Mazoea ya kutoboa tundu kwenye ncha ya ufa yametoka kwa mafundi wa bati. Kwenye bati yanafanya kazi. Kwenye faiba tundu linakata nyuzi na keekee inabandua tabaka kuzunguka tundu, usilitegemee.

Dalili: ufa kwenye kona na kuzunguka bolti

Kona kali inakusanya mkazo, mzunguko mkubwa unausambaza, ndo sababu kona za madirisha ya ndege ni za mviringo. Angalia kwanza kona ina ukali gani. Pili, bolti imekazwa kupita kiasi bila washa pana. Tatu, maji yameingia kwenye tundu na plaiwudi ya ndani imeoza, bolti inacheza. Toa bolti, chungulia, chokonoa na bisibisi, kama mbao ni laini panua tundu, toa iliyooza, jaza epoksi iliyochanganywa na unga wa kukazia, toboa upya, weka washa kubwa na silikoni ya baharini. Kona kali isage iwe mviringo ndo uweke faiba.

Dalili: nyuma panapokaa mashine pamepasuka au panacheza

Hapa simung'unyi maneno. Mashine ya farasi 40 inaning'inia pale, inasukuma boti nzima kupitia pale, na kila ukiruka wimbi inapiga. Sababu kubwa ni plaiwudi ya ndani imeoza kwa maji yaliyopita kwenye matundu ya bolti. Ya pili, viungo vya kona kati ya nyuma na mbavu vimeachia. Ya tatu, mashine kubwa kuliko boti ilivyotengenezwa kubeba.

Kipimo: mashine ikiwa imefungwa, mtu mmoja ashike mguu wake anyanyue na kusukuma, wewe tazama kona. Ukiona mstari unafunguka na kufunga, boti haiendi baharini. Haiendi hata jirani tu, hata kisiwa cha Toten. Kipimo kingine ni kutoboa tundu la milimita 5 kutoka ndani sehemu ya chini, mbao ikitoka nyeusi, imelowa na inanuka, imekwisha. Usitie bati la chuma nje na bolti ndefu ukaona umemaliza, bati linaficha tu, kuoza kunaendelea. Hiyo ni kazi ya fundi wa faiba mwenye uzoefu, ngozi moja inafunguliwa mbao yote inatoka.

Dalili: hakuna ufa, ila sauti ni kibubu

Ya hatari kwa sababu haina sura. Chora mipaka yake kwa maka peni ukifuata sarafu, andika tarehe. Sababu zinazotokea sana ni hewa iliyobaki wakati wa kutengeneza (roli haikupita vizuri), mati iliyokuwa na unyevu wakati wa masika, na tabaka la pili lililowekwa siku nyingi baadaye bila msasa. Baadaye kabisa ndo pigo. Kibubu kidogo cha ukubwa wa sarafu kisichokua unaweza kukiacha na kukifuatilia. Kinachokua kila bamvua, hata kama ni kidogo, kina nguvu inayokilisha. Kupiga sindano ya epoksi kunasaidia kama ndani ni pakavu na safi, na boti iliyokaa chumvini miaka ndani huwa siyo pakavu wala siyo safi, kwaiyo mara nyingi dawa ni kufungua.

Dalili: malengelenge chini ya maji

Toboa moja, vaa miwani kwanza mana linaruka. Maji yakitoka yana harufu kali ya siki na yananata, maji ya bahari yamepenya kidogo kidogo na kuila rezini. Rezini ya polyesta aina ya ortho ndo inaumwa sana na huu ugonjwa, aina ya iso inavumilia zaidi, na rezini ya vinailesta zaidi tena. Machache hayazamishi boti. Ila rezini iliyolowa inashika nyuzi vibaya, kwaiyo ufa unaoanzia kwenye eneo lenye malengelenge uutegemee kukimbia kuliko wa sehemu kavu. Fungua, osha kwa maji baridi mengi (yasiyo ya chumvi), acha ikauke kwelikweli, wiki nyingi, fanya kaskazi siyo masika.

Dalili: viufa vidogo kila mahali, havina mpangilio

Jelikoti nene, basi. Au hadina (dawa ya kuivisha rezini) ilizidi au ilipungua. Futa na kitambaa chenye asetoni, ikinata rezini haikuiva. Kwa joto letu gramu 10 mpaka 12 za hadina kwa kilo ya rezini zinatosha, usishuke chini ya 10 ili kupata muda, haitaiva hata ukingoje mwaka, afadhali uchanganye kidogo kidogo asubuhi na mapema. Usipite 20.

Dalili: kompyuta inasema salama, boti inapasuka

Hii ni kwa vijana wa vyuo wanaofanya mradi wa boti. Cha kwanza, mmetumia nguvu ya kitabuni ya faiba yenye kioo kingi, na bodi ya mkono ya mati ina kioo kama asilimia 30 tu kwa uzito. Kata kipande, choma rezini, pima kioo kilichobaki. Cha pili, mmesoma mkazo kwenye kona kali, na pale kila mkiigawa modeli ya kompyuta vipande vidogo zaidi namba inapanda bila mwisho, hiyo namba haina maana, tumieni hesabu ya nishati ya ufa. Cha tatu, mmetumia kigezo cha kuvunjika kwa jumla, kama kile cha Tsai na Wu cha 1971, alafu mnauliza ufa utaenda wapi. Kigezo hicho kinasema tabaka limeshindwa, hakisemi limeshindwa nini wala ufa unaelekea wapi. Kile cha Hashin cha 1980 angalau kinatenganisha nyuzi na rezini. Kwa kubanduka wekeni elementi za kushikamanisha (cohesive elements) kati ya tabaka, na ziwe ndogo kiasi kwamba angalau tatu ziingie kwenye eneo la ncha ya ufa, vinginevyo jibu linaruka ruka. Cha nne, mmesahau kwamba rezini inasinyaa ikiiva, bodi inaingia baharini ikiwa na mkazo wake tayari.

Acha mikono, ita mtu

Acha kama nyuma panacheza. Kama taruma zaidi ya moja limeachia. Kama ufa uko kwenye mkuku au unapitisha maji. Kama nyuzi zilizokatika zinaonekana. Kama alama zinarukwa kila bamvua. Boti ya abiria usiirudishe kazini kwa neno la fundi peke yake, mkaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalokagua vyombo vya majini, aione.

Na kwenye kemikali: kobalti (dawa ya kuharakisha rezini iive) na hadina visikutane vyenyewe kwa vyenyewe hata tone, vinalipuka. Kobalti inakorogwa kwenye rezini kwanza mpaka imalizike ndo hadina inaingia. Hadina ikiruka machoni osha na maji safi yanayotiririka dakika 15 au zaidi, alafu hospitali siku hiyohiyo hata kama haiumi, inapofua. Kopo la rezini likianza kutoa moshi litoe nje mbali na petroli. Ukisaga vaa barakoa ya vumbi, miwani na mikono mirefu, na ujue barakoa ya vumbi haizuii mvuke wa rezini, ule unataka ya vichujio vya kemikali na upepo wa kutosha.

Ukimtafuta fundi kwa simu mtumie picha tatu: ya mbali inayoonyesha ufa uko wapi kwenye boti, ya karibu yenye rula na alama za tarehe, na ya ndani mahali palepale. Mwambie boti inalala wapi maji yakipwa na inabeba mashine gani.